Likasi: kipimo kiko mikononi mwa nani?

Mwaka 2009 jarida la kisayansi la Environmental Research lilichapisha utafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na vyuo vya Ubelgiji, chini ya Célestin Banza Lubaba Nkulu na Benoit Nemery. Watafiti hao walipita katika miji na vijiji vya ukanda wa shaba wa Katanga wakiomba kitu ambacho mgeni huwa haombi: mkojo kidogo ndani ya kikopo cha plastiki. Watu 351 walikubali, wakubwa kwa watoto. Vikopo vilifungwa, vikaandikwa alama, vikahifadhiwa kwenye baridi, kisha vikasafirishwa hadi Ubelgiji, kwa sababu mashine ya kupima madini katika mkojo haikuwepo Katanga, nchi yenyewe ya madini.

Majibu yalishtua. Wanaoishi chini ya kilomita tatu kutoka mgodini au kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini walikuwa na kobalti, risasi, kadimi, aseniki na urani nyingi kuliko wanaoishi mbali. Kwa kobalti, watafiti waliandika kwamba viwango hivyo vilikuwa vya juu kuliko vyote vilivyowahi kuripotiwa duniani kwa raia wa kawaida, watu ambao si wafanyakazi wa kiwandani. Watoto walizidi wakubwa. Mtoto hucheza chini, hutia mikono mdomoni, na vumbi la Katanga halibishi hodi.

Tangu siku hiyo namba hizo zimesafiri sana. Zimefika Brussels, Washington na Beijing, zimeingia katika hotuba, filamu na matangazo. Mahali ambapo hazijafika sawasawa ni Panda, Kikula na Shituru, mitaa ya mji wa Likasi, kwa watu wanaovuta vumbi hilo. Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa siku hizi hakuna elimu inayovutwa huku na huku na wanasiasa kama elimu ya mazingira, na Likasi imekaa katikati ya kamba.

Mji huu ulijengwa na madini. Kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière du Haut Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa umeme. Wakoloni waliuita mji Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakuu wa kampuni. Mwaka 1966 ukarudishiwa jina la Likasi. Kampuni nayo ilitaifishwa ikawa Gécamines. Ili kupata umeme wa viwanda, mto Lufira uliwekewa bwawa kule Mwadingusha, likazaliwa ziwa la Tshangalele. Maji yanayotoka upande wa Likasi, pamoja na yale ya mto Panda, huishia humo. Na samaki wa Tshangalele huishia kwenye sahani za watu, pembeni ya bukari.

Watafiti waliofuatilia njia za kobalti kuingia mwilini walilikuta swali hapohapo, mezani. Si hewa peke yake. Ni mboga zilizolimwa kwenye udongo wenye madini, ni samaki wa ziwani, ni vumbi la ndani ya nyumba na uani. Fungu la lengalenga lililochumwa karibu na kiwanda linaweza kuoshwa mara mbili, vumbi la juu likaondoka. Lile ambalo mmea umelinyonya kwa mizizi halitoki kwa kuoshwa. Mama anayeuza sokoni halijui hilo kwa macho, na anayenunua pia halijui. Hapo ndipo sayansi ina kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya. Hapo hapo ndipo siasa inapoingilia.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliamua kwamba kuanzia mwaka 2035 magari mapya yatakayouzwa yasitoe hewa ya kaboni. Sababu yake ni nzito na imethibitishwa: dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya makaa, mafuta na gesi tunazochoma. Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa, lililoundwa mwaka 1988, limelisema hilo katika ripoti moja baada ya nyingine. Magari ya umeme yanahitaji betri, betri nyingi zimehitaji kobalti, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo.

Sasa sikiliza jinsi pande mbili zinavyozungumza. Wapo wanaopinga sera za tabianchi, hasa Marekani na Ulaya. Kwa miaka mingi hawakuwahi kumtaja mtoto wa Katanga. Ghafla wamemgundua. Picha yake akiwa shimoni huoneshwa kama ushahidi kwamba gari la umeme ni uovu, basi watu waendelee na petroli. Hawasemi kwamba viwanda vya kusafisha mafuta navyo hutumia kobalti kuondoa salfa kwenye petroli na dizeli. Hawasemi kwamba kobalti ya Katanga iliingia katika injini za ndege miongo mingi kabla ya gari la umeme kuwa biashara, na wakati huo hakuna aliyeitisha mjadala.

Upande wa pili wapo watetezi wa magari ya umeme ambao, wakiguswa habari za Katanga, hujibu haraka kwamba uchimbaji wa mikono ni sehemu ndogo tu, kwamba makampuni makubwa yana vyeti, kwamba mambo yanarekebishwa. Wanahofu kwamba kukiri uharibifu wa Likasi kutampa adui silaha. Kwa hiyo wanaupunguza. Matokeo yake ni kwamba mwili wa mtoto wa Shituru umegeuzwa hoja ya watu wasiomjua, mmoja akimtumia, mwingine akimficha.

Chukua namba moja tu, ile ya watoto 40,000. Huandikwa kila mwaka kana kwamba imehesabiwa jana. Asili yake ni makadirio ya UNICEF ya zaidi ya miaka kumi iliyopita, na yalihusu migodi yote ya kusini mwa Kongo, si ya kobalti peke yake. Shirika la Amnesty International lilipoitumia mwaka 2016 lilieleza chanzo chake. Waliokuja baadaye waliacha maelezo wakabaki na namba. Huenda leo watoto ni wachache zaidi, huenda ni wengi zaidi. Namba ya zamani haiwezi kusema. Anayewapenda watoto hao kweli angedai wahesabiwe upya.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, maana unagusa watoto wachanga. Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanywa Lubumbashi. Watoto 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana walilinganishwa na watoto 108 waliozaliwa bila kasoro. Iligundulika kwamba uwezekano wa kuzaliwa na kasoro ulikuwa mkubwa, takriban mara tano na nusu, ikiwa baba alikuwa na kazi inayohusiana na madini. Habari hiyo ikaenea ikiwa na vichwa vikali: kobalti inalemaza watoto.

Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Idadi ya watu ilikuwa ndogo, na hesabu yao ilionesha kwamba ukweli ungeweza kuwa popote kati ya mara 1.2 na mara 25. Uwanja huo ni mpana mno. Isitoshe, vipimo vya kobalti katika miili ya akina mama na watoto havikuwatenganisha waziwazi wenye kasoro na wasio na kasoro. Kwa hiyo kilichopatikana ni onyo zito, la aina inayodai utafiti mkubwa zaidi ufanywe haraka. Wanaharakati walilichukua kama hukumu. Wenye kupinga wakashika udogo wa idadi wakasema hakuna kitu. Onyo lenyewe likapotea katikati, na baba anayerudi nyumbani jioni na vumbi la mgodi kwenye suruali hakupata hata ushauri mwepesi wa kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Mbinu hii ya kugeuza tahadhari ya mwanasayansi kuwa kisingizio cha kutotenda haikuanzia Kongo. Makampuni ya tumbaku Marekani yaliitumia miaka mingi. Kampuni ya mafuta ya Exxon iliambiwa na wataalamu wake yenyewe, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, kwamba kuchoma mafuta kutaipasha dunia joto. Hadharani ikazidi kueneza shaka. Hawakuhitaji kushinda ubishi. Walihitaji tu ubishi uendelee.

Likasi ina kisa chake, na ni cha zamani kuliko betri. Kiasi cha kilomita ishirini kutoka mjini kuna Shinkolobwe. Urani iligunduliwa huko mwaka 1915, na mwanzoni Wabelgiji waliitafuta kwa ajili ya radiamu, iliyosafishwa kule Olen, Ubelgiji. Vita ya pili ya dunia ilipoanza, Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya atomiki ya Agosti 1945 ilitoka kwenye shimo hilo la Katanga. Jina la Shinkolobwe likawa siri ya kijeshi. Mashimo yalizibwa kwa zege wakati wa uhuru.

Zege halikumzuia mwenye njaa. Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, mishahara ikakatika, watu walirudi Shinkolobwe na sururu, safari hii kutafuta kobalti. Maelfu waliishi pale. Mnamo Januari 2004 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji huo, uchimbaji ukaendelea. Mnamo Julai mwaka huohuo mgodi uliporomoka na watu wanane wakafa. Kabla ya mwaka kwisha ukafika ujumbe wa Umoja wa Mataifa na vyombo vya kupimia mionzi. Ukaonya kwamba mgodi unaweza kuporomoka tena, ukasema pia kwamba wanaoutegemea watafutiwe namna nyingine ya kuishi.

Makao ya wachimbaji yalivunjwa. Ile namna nyingine ya kuishi haikuja kwa kiasi kilichotakiwa. Na ukiangalia mataifa makubwa yaliogopa nini wakati ule, utaona wasiwasi wao ulikuwa urani isije ikafika kwa watengenezaji wa mabomu wasiowapenda. Ni hofu yenye msingi. Lakini chombo kilekile cha kupimia mionzi kinachoweza kuelekezwa kwenye gunia mpakani kinaweza kuelekezwa pia kwenye ukuta wa nyumba iliyojengwa kwa mawe ya mgodi, au kwenye mashati ya mchimbaji. Mahali kinapoelekezwa ndipo siasa inapoonekana.

Mnamo Novemba 2007 hofu hiyo iliingia ndani ya mji. Mzigo wa madini yenye mionzi ulikuwa umekamatwa, ikaamriwa upelekwe kutupwa Shinkolobwe. Malori hayakufika. Takriban tani 17 zilimwagwa katika mto Mura, karibu na Likasi. Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Didace Pembe, alituma tume kutoka Kinshasa, watu wakakamatwa, magazeti ya dunia yakaandika kwa siku chache. Kisha dunia ikaenda zake.

Fikiria kisa hicho kwa upande wa mtu anayechota maji. Hata apewe namba ya mionzi ya siku ile, itamsaidia nini ikiwa hajui mto ulikuwaje mwaka uliotangulia? Atalinganisha na nini? Kipimo kimoja kilichochukuliwa wakati wa fadhaa, na tume iliyoletwa na serikali, kinaweza kusomwa vyovyote mkubwa apendavyo: akitaka kuonesha ukali atasema ni hatari kubwa, akitaka kutuliza watu atasema imedhibitiwa. Mto unaopimwa kila mwezi, mwaka hadi mwaka, matokeo yakibandikwa hadharani, hauwezi kuchezewa kirahisi hivyo.

Udhaifu huu umeingia hadi ndani ya sheria. Nchini Kongo mradi wa madini lazima utanguliwe na tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Sharti ni zuri. Lakini tathmini hiyo hulipiwa na kampuni inayoomba kibali, ikiandikwa na wataalamu iliowachagua yenyewe, kisha huchunguzwa na taasisi za serikali zenye magari machache na maabara haba kuliko kampuni yenyewe. Hakuna haja ya kumtuhumu mtaalamu yeyote kwamba amehongwa. Inatosha kujua nani atampa kazi nyingine mwakani.

Katika Likasi linaongezeka fumbo la uharibifu wa kale. Viwanda vimemwaga mabaki tangu enzi za Wabelgiji. Kampuni mpya ikija leo inasema sumu hii tumeikuta. Wakazi wanasema imezidi tangu mlipokuja. Huenda wote wawili wanasema kweli. Kinachoweza kuwaamua ni kipimo cha hali ya awali, kilichochukuliwa kabla ya kampuni kuanza kazi na mtu asiyelipwa nayo. Kipimo hicho kisipokuwepo, atakayeshinda ni mwenye wakili bora. Mashirika ya RAID na AFREWATCH, hili la pili likiwa na makao Lubumbashi, yalipochapisha mwaka 2024 ripoti yao kuhusu maji yaliyochafuka karibu na migodi mikubwa ya kobalti upande wa Kolwezi, yaliingia katika ubishi wa namna hiyo na makampuni.

Serikali ya Kinshasa nayo haijakaa nje ya mchezo. Imejitangaza kwa dunia kuwa nchi ya suluhisho la tabianchi, na sayansi iko upande wake: bonde la Kongo lina ardhi ya mboji yenye maji ambayo, kwa pande zote mbili za mto, imehifadhi kiasi cha tani bilioni 30 za kaboni. Namba hiyo ilichapishwa mwaka 2017 na Wakongo wakiwemo katika kazi hiyo. Lakini mnamo Julai 2022 serikali hiyohiyo ilianza kunadi vitalu 27 vya mafuta, vingine vikigusa ardhi hiyo ya mboji. Mnada ulikuja kufutwa mwaka 2024. Kinshasa iliuliza swali la haki, kwa nini nchi maskini ikatazwe mafuta wakati Ulaya na Marekani zilitajirika nayo. Hata hivyo mtu hawezi kuishika namba ya kaboni mkono mmoja akiombea fedha, na mkono wa pili akaisahau akiuza vitalu.

Kwa kobalti ni hivyohivyo. Mnamo Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wake nje, na Oktoba ikaanzisha mgawo wa kiasi kwa kila kampuni. Lengo lilikuwa bei, iliyokuwa imeanguka vibaya. Nchi kutetea bei ya mali yake si kosa. Linaloumiza ni kwamba dola iliyoweza kufunga mipaka kwa ajili ya bei haijawahi kuonesha uwezo wa namna hiyo kwa ajili ya mkojo wa watoto. Mnamo Novemba 2025, bwawa la kampuni ya CDM lilipomwaga maji machafu katika mitaa ya Lubumbashi, waziri wa madini aliisimamisha kwa miezi mitatu. Hatua ilichukuliwa haraka, kwa sababu maji yalikuwa barabarani, kila mtu akiyaona. Vumbi la Shituru halifanyi mafuriko.

Kuna jambo jingine la kulijua. Watengenezaji wa betri wanaikimbia kobalti. Betri za chuma na fosfeti, zisizo na kobalti hata kidogo, zilichukua zaidi ya asilimia 40 ya soko la magari ya umeme mwaka 2023. Wanaotetea mazingira Ulaya wataona tatizo limekwisha: gari safi, dhamiri safi. Kwa Likasi huo utakuwa mwanzo wa hatari nyingine, kwa sababu mnunuzi akiondoka na kamera ya televisheni huondoka, na madini yaliyokwisha kuingia katika udongo wa mabustani na matope ya Tshangalele hayaondoki naye. Shinkolobwe ilisahauliwa hivyo.

Kwa hiyo hoja ya kusema sayansi itolewe kabisa kwenye siasa haitoshi, tena si kweli. Kuamua nani apimwe, kwa fedha ya nani, na matokeo yasomwe wapi, ni uamuzi wa kisiasa siku zote. Kinachowezekana ni kuuhamishia uamuzi huo karibu na wanaokula lengalenga. Na fedha zipo kisheria. Kobalti ilitangazwa madini ya mkakati mwaka 2018, ikatozwa mrabaha wa asilimia 10, na kwa Sheria ya Madini ya mwaka huohuo asilimia 15 ya mrabaha unaolipwa ni ya mji, sekta au himaya ya kichifu ambako mgodi upo. Sehemu ndogo ya fungu hilo ingetosha kulipia vipimo vya maji na udongo kila mwezi, vikifanywa na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho watu wake wameshaonesha kwamba kazi hiyo wanaiweza. Maji yenye asidi hata hayahitaji mashine kubwa: ukanda wa karatasi ya kupimia asidi hubadilika rangi mbele ya macho ya mtoto wa shule.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 inampa haki ya kupata taarifa za mazingira zilizo kamili na za kweli. Msomaji wa Panda, Kikula, Shituru au Kambove hahitaji kusubiri mjumbe wa Umoja wa Mataifa wala mwandishi kutoka London. Akienda ofisi ya komini na majirani zake, wakaandika barua ya kuuliza maji yao yalipimwa lini mara ya mwisho, nani aliyapima na nani alilipa, watakuwa wanaomba kitu ambacho sheria imeshawapa. Waiandike barua hiyo, na wabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.